Zamu ya Mpapura

Pwani hii ya kwetu, hadi mdomo wa Ruvuma, wazee wa zamani waliiita Mgao. Jina lilitoka wapi sijui, na wanaojua wengi wao wamekwisha tangulia. Ninachojua ni kwamba kizazi changu kiliipa pwani ileile mgao wa pili, ule wa umeme, na huo nilishiriki kwa mkono wangu. Mtaa ukizimika ghafla mchana na watu wakapiga kelele ya "aaah!", mara nyingi kidole kilikuwa changu.

Vijana wa zamu mmenitaka niandike, kwa sababu siku ya kuniaga niliongea kidogo na kula sana. Haya, naandika. Vyeo na mishahara mtanisamehe. Vyangu havikuwa vya kumfanya mtu ainuke kwenye kiti. Nitaandika kazi ilivyokuwa, mahali nilipokosea, na mahali ambapo mpaka leo nikipakumbuka natembea kifua mbele kidogo, hata kama mke wangu anasema sina kifua.

Nilifika kituoni na cheti cha kidato cha nne na shati la kuazima kwa shemeji. Nimezaliwa Kitaya, kando ya mto, na nyumba ya kwetu haikuwa hata na swichi. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbi wa mashine nilidhani kuna kitu kimeharibika, maana sikuamini kwamba kelele ile ndiyo hali ya kawaida. Zilikuwa mashine za dizeli, ndefu kama lori, na sakafu ilitetemeka hadi kwenye meno.

Fundi mkuu wa zamu alikuwa Mzee Mushi, mtu wa Moshi aliyeletwa Mtwara na kazi akaoa hukuhuku, akajifunza kula ming'oko, mizizi yetu ya porini, na kubishana kwa Kimakonde kibovu. Alinisimamisha mbele ya mashine ya pili.

"Unasikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Kelele wanasikia watu wa barabarani. Wewe unalipwa kusikia kilichomo ndani."

Akanipa bisibisi ndefu. Akanionyesha namna ya kuweka ncha yake kwenye chuma cha mashine, na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ghafla kelele yote ilikaa nje, na ndani nikasikia kitu kinachozunguka kwa utulivu kama mtu anayepiga tasbihi. Kisha akanipeleka mashine ya tatu. Ile ilikuwa inakwaruza. "Hiyo itakufa kabla ya mwezi wa Ramadhani," alisema. Ilikufa Ramadhani yenyewe, wakati wa kufuturu, na mji mzima ukatulaani kabla ya kumeza tende.

Ninyi mna vioo vinavyowaambia joto la kila kitu kwa rangi nyekundu na kijani. Vizuri. Ila nendeni mkaweke sikio siku mojamoja. Kioo kinaonyesha pale tu palipowekwa kipimo.

Dizeli ile ilikuja kwa meli, na meli ikichelewa tulihesabu matone. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito. Upepo ukigeuka, ulikwenda kutua kwenye kamba za nguo za watu. Mama mmoja wa mtaa wa Chuno alikuja getini na shuka jeupe la mtoto mchanga, akalikunjua mbele yangu. Lilikuwa na madoa kama limemwagiwa pilipili manga.

"Baba, nifue mara ngapi?"

Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo rangi ya maendeleo."

Wenzangu walicheka. Yule mama hakucheka, alikunja shuka lake akaondoka. Nilikuwa kijana na nilifurahia kuwa na jibu. Leo najua mtoto yule alivuta hewa ileile iliyotua kwenye shuka. Nimetamani mara nyingi kumwomba radhi, na sijui hata jina lake.

Kisha ikaja gesi. Ninyi mmezaliwa gesi ikiwa habari ya kila siku, hamjui tulivyoipokea. Siku mashine ya kwanza ya gesi ilipowashwa, Mzee Mushi alitoka nje, akakaa akitazama bomba la moshi. Hakuona kitu. Akaita, "Imezimika?" Tukamwambia inafanya kazi. Akaendelea kutazama lile bomba lisilotoa weusi, akavua kofia, akasema, "Nimekula masizi ujana wangu wote kumbe kulikuwa na njia hii." Alistaafu muda mfupi baadaye. Amezikwa hapahapa Mtwara, kwa matakwa yake.

Siasa za gesi mnazijua, sitazichokonoa sana. Kulikuwa na waliosema ni yetu isiondoke. Wengine walisema ni ya nchi nzima. Baadaye wakaja wageni waliosema ingefaa ibaki chini ya ardhi kwa sababu kuichoma nako kunaipasha dunia joto. Nimewasikiliza wote, kwa kuwa wote walipita kituoni kupiga picha. Watu wa Kitaya ninakotoka wameona mto ukiingia mashambani majira ambayo babu zao hawakuyajua. Mjomba wangu alipoteza shamba la mpunga lote, udongo na kila kitu, likaenda baharini. Kwa hiyo siwezi kuwacheka wanaosema hali ya hewa imebadilika. Lakini pia siwezi kumwambia mtu ambaye hajapata taa hata moja kwamba yeye ndiye aanze kuizima. Kazi yangu ilikuwa kuchoma gesi, nikaichoma kwa uangalifu na kwa fahari. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu pamoja, hayapatani, na nimeyazoea kama wake wenza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, la Mpapura.

Laini ya umeme ilipofika Mpapura, ofisi ilitaka mtu wa kuzungumza na wanakijiji. Ofisa aliyepaswa kwenda alikuwa mtu wa bara, na wazee wengi kule wanaelewa mambo mazito kwa Kimakonde. Nikachaguliwa mimi kutafsiri. Hotuba yake ilikuwa nzuri. Alieleza kwamba injini za dizeli zinachafua hewa, zinachangia mabadiliko ya tabianchi, na kwamba sasa Mpapura itapata nishati safi na ya uhakika.

Neno hilo, "uhakika", ndilo lililoniponza. Kiofisi maana yake ni "tutajitahidi". Lakini mbele ya watu waliokaa juani wakinisubiri, nikitafuta neno la kikwetu la haraka, nilisema: umeme usiokatika.

Palikuwa na mwanamke mmoja mbele, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, Bi Somoe. Yeye na wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa na mashine ya kusagia inayoendeshwa na injini ya dizeli. Kabla ya injini hiyo, wanawake wa pale walitwanga makopa, muhogo uliokaushwa, kwa mikono, kila siku ya Mungu. Aliinua kidole.

"Usiokatika?"

"Usiokatika," nikasema.

"Mjomba, hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Angalieni jinsi mtu anavyozama. La kwanza lilikuwa kosa la kutafsiri. La pili lilikuwa langu mwenyewe, la hiari, kwa sababu uso wa yule mama ulifurahi na mimi nilipenda kuuona ukifurahi. Ofisa alinong'ona, "Wanasema nini?" Nikamwambia, "Wamekubali."

Walikubali kweli. Waliuza injini yao ya dizeli, wakafunga mota ya umeme. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri, hadi wanawake wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja na ndoo zao Mpapura kusaga. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyepeleka umeme kule, peke yangu, begani.

Halafu mashine moja kituoni ikavunjika mhimili, na kipuri chake kikawa kinasubiriwa kutoka ng'ambo. Zilizobaki zikalemewa. Na likaja joto, joto la Novemba ambalo siku hizi linaanza kabla ya Novemba. Mashine ya gesi inavuta hewa kama sisi. Hewa ikiwa ya moto, mashine inachoka, inatoa umeme kidogo. Na joto hilohilo ndilo linalowafanya watu wa mjini wawashe feni na viyoyozi vyote kwa pamoja. Yaani saa ambayo mji unataka zaidi, ndiyo saa ambayo mashine inaweza kidogo zaidi. Hapo ndipo mgao unapozaliwa.

Laini ipi ikatwe, tulikuwa tunaamua kwenye zamu. Hospitali na pampu za maji haziguswi, hilo lilikuwa wazi. Zilizobaki tulizikata kwa utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuutamka. Ukikata laini ya mjini, simu inalia kabla hujaondoa kidole. Ukikata ya vijijini, kimya. Kwa hiyo tulikata ya vijijini. Mwenzangu Hashimu, mtu wa utani sana, aliiita "laini ya watu wapole". Tulicheka naye. Na kwenye laini hiyo ndiko ilikokuwa mashine ya Bi Somoe.

Sikufikiri kwamba namkata yeye. Huo ndio ubaya wa swichi, haina uso.

Asubuhi moja mlinzi alipiga simu kutoka getini. "Kuna mama hapa, amekuja kwa bodaboda kutoka Mpapura. Anasema anamtafuta yule aliyesema usiokatika."

Hashimu akageuza kiti. "Nani huyo?"

"Ni mimi," nikasema.

Aliingia akiwa amejifunga khanga mbili, na vumbi la njia nzima usoni. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akauliza hali za nyumbani, za watoto, za mto kule Kitaya. Salamu zote hadi mwisho. Kisha akanyoosha viganja vyake mezani. Vilikuwa na malengelenge.

"Unaviona hivi, mjomba? Ni vya kinu. Tumerudi kwenye kinu. Wanawake wazima tunatwanga kama hatukuwahi kusikia habari ya mashine."

"Bi Somoe, mashine moja imevunjika, na joto hili..."

"Nimesikia redioni. Mimi sikuja kwa habari ya mashine yenu. Nauliza kitu kimoja. Umeme ukikatika, unarudi saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nani?"

Hashimu alijifanya anatazama mita. Mimi nikasema, "Inategemea sisi."

"Haya. Sasa ninyi mkae muamue. Mwanamke anatoka Mkunwa na ndoo kichwani, anafika, hakuna. Anasubiri mpaka jua linazama, anarudi na makopa yake. Akishafika kwake, ndipo mnawasha. Umeme mnaleta saa ambayo sisi tumelala! Mimi sikutaka umeme wa siku nzima, usiniletee uongo wa pili. Nataka saa ninayoijua. Hata iwe ndogo. Nikiijua, nitawapanga watu wangu."

Hashimu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ukitaka kazi hapa nafasi ipo."

"Kazi ninayo," akasema. "Ninyi ndio mnanifukuza."

Na bado kulikuwa na jambo la kumuuma zaidi, akalitoa mwishoni. Unyago ulikuwa unakaribia. Nyumba nyingi za Mpapura zilikuwa na wanawali wa kutolewa ndani, na wageni wangekuja kutoka kila upande. Kikundi chake kilikuwa kimeahidi unga wa sherehe yote. Wanachama wengine walikuwa wameanza kusema kikundi kivunjwe, kila mmoja achukue chake, watafute injini nyingine ya dizeli ya mtu binafsi. "Unga wa unyago ukikosekana," alisema, "sitaweza tena kuwaita wanawake wale wakae kikao. Imekwisha."

Nilikwenda kwa meneja siku hiyohiyo. Alikuwa mama wa Bukoba, mkali, mwenye kupenda hesabu. Nilimweleza kila kitu pamoja na ile "usiokatika" yangu. Alishika kichwa. Kisha tukakaa, yeye, mimi na Hashimu, tukagawa laini zote kwa zamu zenye saa maalumu, mjini kwa vijijini, tukazipeleka redioni zitangazwe kila asubuhi. Mpapura ikapata saa zake za kati ya asubuhi na adhuhuri. Saa hizo zilimaanisha upande wa mjini wenye nyumba kubwa na hoteli uzimwe. Hatukuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Ni jambo dogo. Ila hapa kwetu halikuwa limefanyika, na hapo ndipo simu zilipoanza kulia kweli.

Siku za mwanzo tulishikilia. Halafu nikakosea tena, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Bwana mmoja tuliyefahamiana, tulisali msikiti mmoja, alinipigia. Alikuwa na shughuli ya harusi ya binti yake, nyama iko kwenye majokofu. "Nusu saa tu, ndugu yangu. Nani atajua?" Nikamwashia. Ili nimwashie yeye, nikazima Mpapura katikati ya saa zao. Kisha nikawarudishia.

Sikujua, au sikujipa nafasi ya kujua, kinachotokea kwenye mashine ya kusagia umeme ukikatika ghafla. Mdomo umejaa makopa, mawe yamesimama yameshikwa na unga. Kijana anayeiendesha alikuwa hajazima swichi. Umeme uliporudi, mota ikajaribu kuzungusha kitu kilichobanwa. Ikanguruma, ikatoa moshi, ikaungua.

Bi Somoe hakuja kituoni safari ile. Alimtuma mtu na ujumbe wa maneno: "Mwambieni mjomba kwamba saa aliyonipa ameichukua."

Nilikwenda mwenyewe Mpapura. Nikaifungua mota, nikaileta mjini kwa fundi wa kusuka nyaya, nikakaa naye akiisuka upya, nikairudisha na kuifunga. Nikawawekea na kifaa kinachozuia mota isijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kifaa hicho kilipaswa kuwapo tangu mwanzo na hakuna aliyewaambia, mimi nikiwa wa kwanza kutowaambia. Wanawake walikuwa wamekaa kando wakitwanga. Hakuna aliyenitukana. Mdundo wa vinu vile ulitosha. Siku ile niliwaambia wenzangu wa zamu: mtu yeyote akipiga simu, awe ndugu yangu, awe imamu, awe mimi mwenyewe nikiwa nyumbani nimepandisha homa, saa za Mpapura haziguswi.

Ndipo ikaja siku ya warsha.

Zilikuwa zimebaki siku chache unyago utolewe. Kikundi kilikuwa kinasaga magunia, foleni ndefu, mota iliyosukwa upya ikiimba. Joto la siku ile lilikuwa la kuyeyusha lami. Mashine zetu zilikuwa zinahema. Simu ikalia, nami nikaipokea nikaiweka spika, ili pasiwe na "nani atajua".

Alikuwa dada mwenye sauti nzuri, mwandaaji wa warsha katika ukumbi wa hoteli moja mjini.

"Kaka, tuna wageni kutoka mbali, umeme umekatika. Ukumbi umefungwa madirisha yote, watu wanatoka jasho hadi kwenye makabrasha."

"Pole sana, dada. Ni zamu yenu, imetangazwa asubuhi redioni."

"Jenereta ya hoteli imekataa kuwaka. Tafadhali, mada ndiyo kwanza inaanza."

"Mada gani?"

"Mabadiliko ya tabianchi na matumizi bora ya nishati."

Hashimu aliweka paji la uso mezani, mabega yakimtikisika. Mimi nikasema, bila kutaka kuwa mkorofi, "Basi dada, mada imeshaanza."

 Kisha, sifa zake apewe, akacheka kidogo, akakata.

Simu iliyofuata haikucheka. Ilitoka kwa bwana mmoja ambaye simtaji, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Aliuliza jina langu, nikampa lote, hadi la babu. Akasema niwashe upande wa hoteli mara moja. Nikamwambia nikiwasha kule lazima nizime Mpapura.

"Mpapura kuna nini?"

"Kuna mashine ya kusaga, mzee."

"Mashine ya kusaga! Unalinganisha wageni wa kimataifa na mashine ya kusaga?"

"Sijalinganisha, mzee. Ni zamu tu. Saa zao zikiisha nawawashia ninyi, dakika hiyohiyo."

"Utajua kazi yako kesho."

Nikasema ndiyo, mzee. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa naangalia ile swichi na kufikiria ada ya shule ya mwanangu wa mwisho.

Meneja akaingia, kumbe ameshapigiwa na yeye. Alisimama nyuma ya kiti changu.

"Unajua nani alikuwa kwenye simu?"

"Najua, mama."

"Ukikataa?"

"Nimekwisha kataa."

Alivuta kiti kingine, akakaa kando yangu, akaivuta simu upande wake. Ilipolia tena aliipokea mwenyewe. "Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo, ni amri yangu. Hapana, si yake. Ni yangu." Aliirudia sentensi hiyo mara kadhaa, kwa watu tofauti, kwa sauti ileile ya upole. Hashimu alimwendea chai. Tukakaa hivyo watatu, mashine zikihema, mpaka saa za Mpapura zilipokwisha, nikawawashia wa hotelini dakika ileile kama nilivyoahidi.

Baadaye tulisikia kwamba wale wa warsha walifungua madirisha, wakaona hayasaidii, wakatoa viti nje upande wa baharini kwenye upepo, wakaendelea huko. Walizungumza habari za mikoko ya mdomo wa Ruvuma na mafuriko ya mto. Kwa kweli ningependa kuwasikiliza. Yalikuwa mambo ya kwetu Kitaya yale. Sikuwazimia kwa dharau, na ninawaomba wasiichukue hivyo.

Meneja alihamishwa mwaka huo. Sababu haikuandikwa. Mimi niliachwa mahali nilipokuwa, na huko ndiko nilikotaka kuwa.

Unga wa unyago ulitimia. Sikualikwa, si shughuli ya wanaume, lakini nilisikia ngoma zake kwa simu, Bi Somoe alinipigia na kuiinua juu ili nisikie.  Alikata baada ya muda.

Baada ya unyago kikundi kilikaa kikao, na hakikuvunjika. Ila waliamua kununua tena injini ya dizeli, ndogo, ya akiba. Yule ofisa wa ile hotuba ya kwanza angesikitika. Mimi pia nilisikitika kwa nusu siku. Kisha nikachukua likizo, nikaenda kuwafungia. Nilimwaga zege la msingi wake, nikailaza sambamba na mota ili mkanda mmoja uhudumie zote mbili. Mtu wa umeme nikifunga dizeli! Hashimu alinitania kwa mwezi mzima. Lakini nilikuwa nimejifunza. Ukitaka mtu aache moshi, mpe kwanza kitu anachoweza kukiegemea, halafu usiondoke. Atauacha mwenyewe siku yake ikifika. Injini ile huwashwa mara chache sana sasa. Kuku hutagia juu yake.

Kipuri kilifika, mashine mpya zikaongezwa, mgao ule ukaisha. Mingine itakuja, msijidanganye. Joto halirudi nyuma, na kila nyumba inayojengwa ina kiyoyozi. Mtakapokaa kwenye kiti kile, jiulizeni ni nani asiyepiga simu. Yeye naye yuko kwenye laini.

Nilipostaafu nililima muhogo Mpapura, kwenye kipande cha upande wa mke wangu. Mavuno ya kwanza nilianika makopa, nikajaza gunia, nikalipeleka kwenye mashine kwa bodaboda. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nitasema ukweli: nilipita kando ya foleni. Nilivaa shati safi. Nilijiambia ninakwenda kusalimia tu, lakini gunia nilikuwa nalo.

Bi Somoe alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Tulisalimiana sana. Aliulizia hali za watoto na mto. Kisha akatazama gunia langu, akanitazama mimi.

"Mjomba," akasema, "umemuona yule mama mwenye ndoo ya kijani?"

"Nimemuona."

"Zamu yako ni baada yake."

Wanawake wote wakageuka. Wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Mzee wa umeme leo amekatika!" Nikalibeba gunia langu hadi mwisho wa foleni. Nikasimama nyuma ya ndoo ya kijani, nikinyooka kama askari wa gwaride. Siku ya kuagwa mlinipa saa ya ukutani na maneno mazuri, nayashukuru yote. Lakini kama mnataka kujua siku niliyojisikia kwamba nilifanya kazi, ni hiyo, nikisubiri zamu yangu juani, na umeme ukiwapo.